Alizima Mashine Ili Asikie

"Rudia ulivyosema."

Spana aliuachia mkono wa mpenzi wake. Walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya maabara ya udongo, mchana kweupe, na muda mfupi tu uliopita alikuwa anajiona bingwa wa maneno matamu.

"Nimesema sitaki ujifanye mzima kwa ajili yangu."

"Hayo ni maneno yangu," Zege alisema. Jina hilo alipewa mwaka wa kwanza, kwa kugoma kumwachia mvulana yeyote koleo lake la kuchanganyia zege. "Nimemwambia mtu mmoja tu duniani. Babu ndiye kakuambia?"

Hapo ndipo mwanamume anatakiwa kufungua kinywa. Huyu wetu akainama kutazama viatu vyake. Zege akalichukua hilo kuwa jibu, akaondoka bila kuaga.

Babu hakuwa mzee. Alikuwa mwanafunzi mwenzao wa uhandisi, aliyeitwa hivyo kwa kuongea polepole. Yeye na Spana walikuwa kwenye kikundi cha kuwasikiliza wenzao waliolemewa: wasiolala, wanaolia chooni kabla ya mtihani, wanaowaza mabaya. Kwa kuwa wahandisi hawapendi kutazamana wakilia, mtu alipewa feni bovu alifungue huku akizungumza. Mikono ikishughulika, mdomo hulegea wenyewe. Kanuni zao: la mtu halitoki, na humsikilizi mpenzi wako. Ndiyo maana Spana mwenyewe alimpeleka Zege kwa Babu.

Kisha wivu ukamtafuna. Siku moja alikuwa akichomelea vyuma nyuma ya pazia la karakana, akasikia sauti ya Zege upande wa pili. Angeweza kukohoa. Alizima mashine. Akasikia kwamba kila akiona karatasi ya hesabu vidole vinamfa ganzi, kwamba anataka kuacha chuo, kwamba anampenda Spana lakini mbele yake inabidi ajifanye mzima.

Zege alimshtaki Babu kwa dada mwenyekiti wa kikundi, na jioni ya siku ile ya benchi ujumbe wake uliingia kwenye simu za wanakikundi: "Babu amepumzishwa. Siri ya mtu imetoka."

Spana alimkuta Babu karakana, akirudisha bisibisi kwenye droo.

"Mbona hukujitetea, ndugu yangu?"

"Ningejitetea vipi? Nikianza kueleza, itabidi nitaje alichoniambia."

"Wangekuamini."

"Mimi si kitu. Naogopa kwa ajili yake. Darasani hakuingia, simu yangu hapokei. Hana tena wa kumwambia." Babu akafunga droo. "Wewe ndiye mtu wake. Nenda ukakae naye, tafadhali."

Babu, aliyezikwa kwa kosa la Spana, ndiye aliyekuwa akimwombea Zege.

"Babu, ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Babu alimwelekeza mlangoni.

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Spana alimpigia Zege, simu ikaita bure. Akaandika: "Babu hakusema neno. Nilizima mashine ili niwasikilize. Uliponiuliza nikanyamaza, nikamwacha abebe lawama. Mimi nichukie, lakini rudi kwa Babu." Kisha akawaandikia wenzake kwenye kikundi kwamba mkosaji ni yeye.

Jibu la Zege lilikuwa neno moja: "Kumbe."

Babu alirudishwa, Spana akaondolewa. Hakuna aliyemtukana, na afadhali wangemtukana. Husemwa majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu alihamia kabisa, akawa analala naye kitanda kimoja. Spana alimwona Zege kwa mbali akiingia karakana kwa Babu na kutoka macho mekundu, na akajizuia kumfuata.

Kisha simu ikaita. Alikuwa Zege.

"Uko wapi?"

"Bwenini."

"Leo ni siku mbaya. Njoo ngazi za maktaba. Usije na ushauri."

Alimkuta na karatasi ya hesabu magotini, akivikunjakunja vidole kuondoa ganzi. Spana alikuwa na mpango mzima kichwani, wa ratiba na mazoezi. Akaumeza.

"Babu amenisindikiza kwa mshauri wa chuo," Zege alisema. "Nimekubali kuendelea kumwona. Masomo sijaacha. Bado nafikiria."

"Asante kwa kuniambia."

"Nakuambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimetaka mwenyewe. Umeona tofauti?"

"Nimeona." Akashindwa kujizuia. "Umenisamehe?"

Zege alifuta pua kwa mkono wa shati.

"Hata machozi yangu unataka yakupunguzie mzigo."

Spana aliitikia kwa kichwa, na safari hii lawama yake haikumwangukia mtu mwingine.

"Nakupenda, mwanamume wewe," Zege akasema. "Lakini hatia yako kaa nayo mwenyewe kwanza. Leo nalia mimi."

Akamwegemea begani, akalia mpaka akatosheka.