Doa Jekundu Kwenye Sensa

Fundi Masikio alikuwa ameshafunga mlango mmoja wa gereji, wa pili ameushika mkononi, pikapu ilipoingia uani ikikohoa. Jua lilikuwa linazama. Mkewe alimwagiza apitie mkate, na mpaka hapo kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine ila mkate huo.

Jina la Masikio alipewa na wateja, maana alikuwa akisikiliza injini kidogo tu, akakuambia inaumwa wapi. Zamani alijivunia jina hilo. Tangu msiba, miezi mitatu sasa, akiitwa hivyo huinamisha kichwa.

Dereva hakushuka. Alikaa akitazama mbele, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Ikipata moto inazimika," alinong'ona. "Ikipoa inawaka."

Masikio akauachia mlango. Ugonjwa huo aliujua vizuri mno.

Ulikuwa ugonjwa wa pikapu ya shemeji yake, kaka wa mkewe, msambazaji wa maziwa. Masikio alimwagizia sensa mpya ya krenki, kidude kisichozidi kidole gumba, ambacho kikigoma injini haijui tena lini itoe cheche. Siku sensa ilipofika, akatokea meneja mmoja mwenye haraka zake, gari lake la aina ileile, bovu vilevile. Masikio akampa meneja ile mpya. Mtu wa nyumbani atangoja, alijiambia. Ya shemeji aliiosha kwa petroli, akaipangusa, akairudisha palepale. Shemeji alipouliza, akamjibu, "Nimekuwekea mpya, nenda zako." Alikusudia kuibadilisha wiki inayofuata.

Wiki haikufika. Kwenye mteremko wenye kona injini ilizimika, usukani ukawa mzito, breki nazo, bila nguvu ya injini, zikagoma kukanyagika, gari likaporomoka naye. Watu walisema ni breki. Masikio naye alisema ni breki, tena pale kaburini, mkewe amemshika mkono. Aibu ya siku ile hajaimeza mpaka leo.

Alitaka kumwambia dereva arudi kesho. Badala yake akajikuta ametandika katoni chini, tochi mdomoni, anaingia uvunguni.

Sensa hiyo hukaa mafichoni, nyuma ya stata, pale injini inapoungana na gia boksi. Macho hayafiki, ni kupapasa tu. Vidole vyake vikaipata soketi, vikaibana, ikachomoka. Spana namba kumi, bolti moja. Akaivuta sensa, akaileta kwenye mwanga.

Ilikuwa na doa jekundu.

Masikio ana mazoea yake. Kila kifaa anachokifungua hukitia doa la rangi ya kucha, kutoka kwenye kichupa alichomnyang'anya mkewe, ili kesho ajue kipi kimepita mikononi mwake. Mafundi wenzake humcheka kwamba anayapeleka magari saluni. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Na doa hili lilikuwa limechafuka upande mmoja, lina alama ya kidole gumba cha mtu aliyekuwa na haraka.

Alijitetea. Mabaki ya gari la shemeji yalibebwa na muuza vyuma chakavu, na watu hung'oa vifaa wakavifunga kwingine. Inawezekana kabisa. Hii pikapu ni ya kijani, ya shemeji ilikuwa nyeupe...

Ndipo harufu ikamjia. Maziwa yaliyochacha.

Tone... Tone... Yalikuwa yanadondoka kwenye katoni, karibu na sikio lake.

"Safari hii weka mpya, shemeji."

Sauti haikutoka juu, kwenye kiti cha dereva.

Ilitoka hapohapo uvunguni, ubavuni pake.

Masikio hakugeuka. Alitoka kinyumenyume, magoti yakichubuka, akaenda kwenye rafu. Sensa mpya ilikuwepo. Aliinunua baada ya mazishi, akiwa hana gari la kuifunga, akaiacha pale imtazame kila siku. Akarudi uvunguni akilia kimyakimya. Bolti ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu kitu baridi kilimwekea bolti hiyo kiganjani.

Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri. Pikapu ikarudi nyuma, ikashika njia. Dereva alikuwa bado anatazama mbele.

Masikio alisikiliza inakokwenda. Ilikuwa inaelekea nyumbani kwake.

Alipofika, barabara ilikuwa tupu. Mkewe alikuwa ameshaandaa vikombe mezani, akamuuliza mkate uko wapi.  Sensa ile ya doa jekundu, aliyokuwa ameitia mfukoni, ilikuwa inamchoma pajani, ya moto kama ndiyo kwanza imetoka kwenye injini. Akaitoa, akaiweka kati ya vikombe.

Mkewe aliinama, akaigusa doa kwa ncha ya kidole.

"Hiyo rangi yangu," alisema.

"Ni ya gari la kaka yako. Sikumwekea mpya, mama. Niliiosha hii, mpya nikampa mtu mwingine. Breki hazikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Alitegemea kilio. Alitegemea hata kofi, na angelipokea kwa shukrani. Mkewe aliichukua tu ile sensa, akaifumbata kama haimuunguzi.

"Kila jioni, saa hizi, gari linazimika hapo mlangoni," alisema taratibu. "Linajaribu kuwaka, halafu linanyamaza. Miezi mitatu, nikadhani nachanganyikiwa kwa msiba. Wewe mwenye masikio hujawahi kulisikia?"

Hakuwahi.

Sasa alilisikia. Lilikuwa nje, injini inanguruma sawasawa, haizimiki. Harufu ya maziwa ikapenya chini ya mlango.

Masikio akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha. Mkewe akamzuia kwa mkono.

"Usiniambie mimi," alinong'ona. "Toka ukamwambie mwenyewe."

Nje, mlango wa pikapu ukafunguliwa.