Shule Nayo Huagwa

Masunga aliamini kwamba anayehama hatangazi. Baba yake alihama hivyo, na babu yake pia. Kwa hiyo mwezi wa nane, pamba ilipokwisha kuuzwa, aliamka alfajiri, akatoa ng'ombe wake tisa zizini, akapakia vyombo kwenye mkokoteni. Akaondoka Mwamapalala na mkewe na binti yao Elina. Majirani walipoamka walikuta mlango umefungwa. Masunga na familia yake walikwenda kuishi karibu na Nyashimo, ambako alipata shamba la mpunga.

Elina alikuwa darasa la sita. Baba yake alimpeleka shule ya jirani, akadhani kazi imekwisha. Mwalimu Domitila alimpokea mtoto, akamwonyesha dawati, kisha akamwomba Masunga alete uhamisho kutoka shule ya zamani. Masunga aliitikia ndiyo, ndiyo, akaenda zake shambani. Wiki sita zikapita. Kila alipokumbushwa, alikuwa na jaruba la mpunga la kutengeneza.

Siku moja mwalimu alimfuata nyumbani.

“Baba Elina, mwanao anasoma vizuri,” alisema, “lakini kwenye daftari la mahudhurio jina lake halimo. Namba yake ya mwanafunzi bado iko shule ya zamani. Mwakani ni darasa la saba. Bila uhamisho, hatutaweza kumsajili kwa mtihani hapa.”

Elina alikuwa akipepeta mchele kando ya mlango. Ungo ukasimama mikononi. Alitaka kuwa muuguzi, na baba yake alijua.

“Kule wamekwisha kumwandika mtoro,” Masunga alisema. “Nikirudi, mtendaji wa kijiji atanikamata.”

“Usiporudi, utakuwa umemfanya mtoro kweli,” mwalimu akamjibu.

Akamweleza taratibu. Angepewa barua ya mwalimu mkuu ya kuonyesha kwamba nafasi ipo. Hiyo angeipeleka shule ya zamani, wamjazie fomu ya uhamisho na kuigonga muhuri. Kwa kuwa walivuka wilaya, karatasi zingepita ofisi za elimu za wilaya zote mbili. Hapo ndipo namba ya Elina ingehamishwa. Tena, alisema mwalimu, haya hufanywa kabla ya kuhama, si baada yake.

Kesho yake Masunga alichukua barua shuleni, akapanda basi la Bariadi, na kutoka huko akaendelea hadi Mwamapalala. Shuleni alimkuta Mwalimu Mektilda, aliyekuwa akimfundisha Elina. Akamwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” kwa heshima anayopewa mama. Kisha akangoja kugombezwa.

Mwalimu hakugomba. “Elina yuko wapi?” aliuliza.

“Nyashimo, mayu. Anasoma.”

“Anasoma?” Mektilda alivua miwani, akafuta macho. “Nilikuja kwako mara mbili. Nyumba tupu, zizi tupu. Nikajua mmemwoza. Kila asubuhi naliita jina lake, wenzake wananyamaza. Nimeshindwa kulifuta.”

Masunga aliona aibu. Wiki sita zote alimwogopa mtendaji. Hakufikiri hata mara moja kwamba kuna mtu anamlilia binti yake.

“Nisamehe, mayu,” alisema. “Sikujua kwamba shule nayo huagwa.”

Fomu ilijazwa siku hiyo hiyo. Alipokuwa akiondoka, Mektilda alimpa namba yake ya simu.

“Siku atakapoitwa huko akaitika, niambie,” alisema. “Ndipo nitaacha kumwita.”

Masunga alizipitisha karatasi ofisi zote mbili, bila kuruka hata moja. Uhamisho ukakubaliwa. Jumatatu iliyofuata alisimama nje ya dirisha la darasa, jembe begani. Jaruba lingengoja. Ndani, Mwalimu Domitila alifungua daftari akaanza kuita majina.

“Elina Masunga.”

“Nipo, mwalimu.”

Masunga alisogea hadi kwenye uzio, akatoa simu yake.

“Mayu,” alisema, “ameitika.”