Darasa Zima Limekubali

Kwenye lango la Soko la Kilombero watu walipanga foleni kunawa mikono kabla ya kuruhusiwa kuingia. Anneth alikuwa na gauni la kitenge cha bluu, kilemba cheupe, na barakoa aliyoshonewa na mama yake kwa kipande cha kitenge hicho hicho. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema:

"Dada, maji ni ya wote. Unanawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu."

Akageuka amjibu kwa jeuri, akakutana na macho ya Lesian. Barakoa ilificha mengine yote, macho yale haikuyaweza.

"Nilidhani umeshaolewa huko mlimani," Lesian akasema.

"Ningekuita uje kuosha masufuria."

Walicheka mpaka waliokuwa nyuma wakawahimiza wasogee. Tangu chuo kifungwe kwa ajili ya korona hawakuwa wameonana. Anneth alirudi kwao Nkoaranga mlimani, Lesian kwao Olasiti mjini. Wakajibanza mbele ya duka la mbegu. Lesian alikuwa nadhifu kama siku zote, shati limepigwa pasi mpaka kola.

"Mbona hupatikani kwenye simu, mpenzi?"

"Nyumbani hakuna mtandao. Mpaka nipande kilimani."

"Basi nikupe habari njema mwenyewe. Tunamaliza muhula kwa mtandao. Alhamisi kila mmoja anawasilisha utafiti wake kwa Dokta Sylvanus akiwa kwao. Mimi kama kiongozi wa darasa nimempelekea taarifa kwamba darasa zima limekubali."

Anneth aliacha kucheka. "Darasa zima, na mimi nimo?"

"Niliandika kwenye kundi letu: asiyejibu hadi Ijumaa nitamhesabu amekubali. Hukujibu."

"Sikuusoma ujumbe wenyewe. Ningejibuje?"

"Nilijua ungekubali tu."

"Na asiyewasilisha?"

Lesian akatazama chini. "Atarudia mwaka."

Baba yake Anneth, mzee Ephraimu, alikwisha kusema: mwaka huu ni wa mwisho kumlipia ada, mwakani ni zamu ya mdogo wake Aika. Kwake yeye kurudia mwaka kulikuwa ni kuacha chuo.

"Nenda kamwambie Dokta ukweli."

"Nitaonekana mwongo, Anneth."

"Kwa hiyo mimi nibaki nyumbani ili wewe uonekane mkweli."

Akaingia kwenye umati bila kuaga.

Jumatano alipanda kilima kwa njia ya utelezi, pembeni migomba ikichuruzika maji ya masika. Hata hajatulia pumzi, simu ikaita.

"Nimepata njia," Lesian akasema. "Kesho njoo nyumbani. Mtandao wetu hausumbui. Mama yupo, utakaa sebuleni."

"Nije kwenu kama nani?"

"Kama mchumba wangu."

"Umenichumbia lini?"

"Si ndiyo nakuchumbia sasa, kipenzi."

"Ili nipate mtandao. Umenipangia masomo, sasa unanipangia na ndoa. Mara zote mbili hukuniuliza."

Akakata. Simu iliita tena na tena. Akaiacha iite mfukoni hadi mtandao ulipokwisha huko bondeni.

Alhamisi alirudi kilimani na mwavuli wa mama yake. Alikwisha kuapa kwamba hata kama sauti itakatika, watamsikia akijaribu. Darasa likafunguka kwenye kioo cha simu, likaganda, likafunguka tena. Dokta Sylvanus alikuwa akiita jina la kwanza pale Lesian alipoomba kusema.

"Dokta, taarifa niliyokuletea si ya kweli. Walionijibu ni wachache. Waliokaa kimya niliwahesabu mimi."

"Unatuharibia, bwana," mwanafunzi mwenzao Nelson akanung'unika. "Sisi tumeshajiandaa."

"Unajua taarifa hiyo imefika kwa mkuu wa chuo?" Dokta akauliza.

"Najua."

"Basi uongozi wako umeishia hapa. Ambaye hakukubali, aseme sasa."

Alama ya mtandao ikazunguka, ikazunguka. Anneth akapanda juu ya jiwe, akainua simu hadi usawa wa kilemba, akafungua maiki.

"Mimi Anneth Ephraimu. Sikukubali. Sikuulizwa."

Sauti nyingine ikafuata, kisha nyingine. Dokta akashusha pumzi ndefu. Akaamua kwamba wasio na mtandao atawapigia simu ya kawaida, mmoja mmoja.

Zamu ya Anneth ilikuwa Ijumaa, juu ya jiwe lile lile. Alibanwa kwa maswali hadi mkono ukafa ganzi. Mwishoni Dokta akasema, "Umefaulu. Rekebisha sura ya mwisho."

Aliposhuka alimkuta Lesian akipanda, tope hadi magotini.

"Wamenivua uongozi," akasema. "Nelson hanisalimii."

"Nilisikia."

"Sikuja kuomba kitu. Nimekuja kukwambia uso kwa uso kwamba nilikosea."

"Uso kwa uso, na barakoa juu."

Akaishusha. Midomo ilikuwa imemkauka. "Nakupenda, Anneth. Ukisema nirudi, narudi."

Anneth akatazama bondeni. Huko chini, kati ya mibuni, baba yake alikuwa ameacha kupogolea, panga mkononi, macho juu yao. Kwao binti akifuatana na kijana mchana kweupe hadi mlangoni kwa baba yake, si mchezo, amemtambulisha mchumba.

"Baba ameshakuona. Twende, usijifanye umepotea njia."

"Nikamwambie nini?"

"Shikamoo. Mengine niachie mimi."

Mzee Ephraimu aliipokea shikamoo bila kutabasamu. "Huyu nani?"

"Anaitwa Lesian, baba. Nasoma naye."

"Na zaidi ya kusoma?"

Lesian akafungua mdomo. Anneth akamtangulia.

"Nikihitimu atakuja tena, na wazazi wake. Hakunituma nikwambie. Mimi ndiye ninayemwita."

Mzee akamgeukia kijana. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee," Lesian akasema.