Koki ya Trekta la Sagynbai

Ndugu zangu wa bonde hili, aliyeshika glasi aiweke chini kwanza, kisha anisikilize.

Asubuhi ile ya Oktoba palikuwa na utulivu. Moshi ulipanda wima, farasi walikula nyasi kando ya mto, na Anarkul, mke wa jirani yangu Sagynbai, alikuwa akikama ng'ombe wake wawili. Alipoinua macho akaona theluji mpya karibu na njia ya mlimani. Nyasi zao zote za majira ya baridi zilikuwa bado huko juu, zimekatwa, zimerundikwa, zinangoja trekta. Na trekta lenyewe, urithi wa baba yake Sagynbai, lilikuwa limesimama nyuma ya zizi miaka minane. Kila Sagynbai alipoulizwa, alijibu kesho. Kuku alishataga mayai arobaini ndani ya kichujio cha hewa. Anayebisha akamuulize kuku.

Basi nikaitwa mimi, dereva mstaafu wa shamba la ushirika. Tulifanya kazi siku tisa. Anarkul ndiye aliyekuwa akisugua kutu na kutupatia spana kabla hatujaziomba. Siku ya tisa, alasiri, tukajaza maji kwenye rejeta, tukawasha. Likakohoa, likatema manyoya, likanguruma. Tukakubaliana kupanda mlimani kesho yake alfajiri.

Kwetu kitu kilichotengenezwa lazima kinywewe pombe, la sivyo eti kitasusa. Glasi ya kwanza tulimnywea marehemu baba yake Sagynbai, ya pili tukayanywea magurudumu. Ya tatu sikumbuki ilikuwa ya nani. Nanyi mnajua kama nijuavyo: trekta la zamani halilali na maji tumboni, maana yakiganda hupasua chuma.

Jua lilipoinama, Anarkul akatujia.

"Mzee Toktosun, maji mmeyatoa?"

"Bado lina moto, binti yangu. Liache lipumue."

"Basi nionyeshe koki ya kuyatolea. Nitaifungua mwenyewe."

Sagynbai akacheka. "Mama Bermet, leo umekuwa fundi? Nenda kaangalie nyama isiungue."

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja naye. Koki ilikuwa hatua mbili kutoka gotini pangu.

Asubuhi tulikuta ubavu wa injini umepasuka, ufa mrefu kama mkono, na barafu imechungulia hapo kama ulimi unaotuzomea. Sagynbai alikaa chini kwenye umande ulioganda. Siku ya tatu theluji ikafunga njia. Nyasi wakazila mbuzi wa porini. Kufikia Februari kondoo wao walikuwa wamekwisha kwa njaa, na ng'ombe mmoja, yule Anarkul aliyekuja naye kutoka kwa wazazi wake alipoolewa, akachinjwa kabla hajaanguka mwenyewe.

Aprili nilimkuta Anarkul amesimama kando ya lile trekta.

"Ni hii?" akaniuliza, kidole kwenye koki.

"Ndiyo hiyo."

Akaizungusha kwa vidole viwili. Ikafunguka bila kinyongo, yakadondoka matone machache ya barafu iliyoyeyuka. Akaifunga, akarudi kumkama yule aliyebaki.

FUNZO

Mimi huongeza chumvi, mnanijua, lakini ufa ule sikuuongezea hata unywele. Ndugu zangu, maliza kazi ndipo uisherehekee, na kazi haijaisha mpaka hatua yake ya mwisho. Na mwenye kuuliza koki iko wapi, hata akiwa amevaa aproni ya jikoni, mwonyeshe. Kicheko chetu kilidumu kitambo kidogo tu. Njaa ya zizi lile ilidumu majira mazima.