Gundi ya Unga wa Ngano

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kalenga. Nilikuwa nachanganya gundi kwenye kiwanda kidogo cha plaiwudi pale Mafinga, mali ya mchumba wangu, Gaspa. Mahari alishatoa, na nyumbani walimpenda kuliko hata mimi!

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti, zinapakwa gundi na kubanwa kwenye mashine ya moto. Mafundi huitumia kushikilia zege bichi mpaka likauke. Unga wa ngano huongezwa kidogo ili gundi isinywewe na mti. Kidogo tu... Gundi ilipoadimika, Gaspa aliniambia nizidishe unga. Nikakataa. Akanihamishia stoo, akawa anakoroga mwenyewe.

Huko stoo niligonga kila plaiwudi kwa kifundo cha kidole. Nzima hulia kavu. Hizi zililia kama debe tupu. Nilipomuuliza, alinifunga vizuri shali shingoni, akacheka.

“Mama, zege likishakauka, nani atagonga plaiwudi?”

Moyo ulikataa. Nikachemsha kipande kwenye sufuria, maana ndivyo tunavyoipima gundi. Hata maji hayajachemka sawasawa, kipande kikaachana kama chapati! Nikamwonyesha. Akaniapia kwa Mungu kwamba mzigo ule hautatoka. Nikamwamini... mapenzi jamani!

Kumbe ulishafika Mbeya. Na aliyeuziwa ni nani? Kaka yangu Festo, fundi ujenzi, aliyekuwa anamwaga zege la ghorofa Mwanjelwa! Hakukagua kitu, kwa sababu alinunua kwa shemeji yake.

Maji ya zege yalipenya, tabaka zikaachana, zege lote likaporomoka. Festo alikuwa chini, akikaza miti iliyoshikilia plaiwudi. Nilipopigiwa simu sikuuliza ilikuwaje. Nilijua.

Msibani Kalenga, Gaspa alileta jeneza la plaiwudi lililotengenezwa kiwandani kwake, linameremeta vanishi. Wazee wakamshukuru. Mimi nikasogea, nikaligonga kwa kifundo.

Debe tupu.

Nikagonga tena. Waliokuwa wanalia wakageuka kunitazama.

“Kaka yangu habebwi na hili,” nikamwambia.

Gaspa akatazama viatu vyake. Baba akainuka. Akaenda kutoa mbao ambazo Festo alijiwekea za kuezekea nyumba yake, zikachongwa jeneza, tukamzika nalo.

Dada zangu, nawasihi. Ukiwa umeuona ukweli kwenye sufuria yako mwenyewe, halafu mtu unayempenda akakuapia vingine, amini sufuria. Mimi niliamini kiapo, na kaka yangu yuko Kalenga chini ya udongo.