Uzi Mweupe Shingoni mwa Chupa

"Tekla! Fungua! Tekla, fungua mlango!"

Nilisikia kikohozi tu, kikohozi cha mtu anayevuta hewa na hewa haiingii. Nikausukuma mlango wa bafu la chumba namba tisa kwa bega. Harufu ikanipiga usoni, macho yakawaka, machozi yakatoka bila ruhusa yangu.

Tekla alikuwa amepiga magoti kando ya choo, glavu mikononi, brashi imeanguka. Nikamshika kwapani, nikamburuta hadi koridoni. Tukagonga kigari cha usafi, mashuka safi yote yakamwagika sakafuni.

"Umemwaga nini mle ndani?"

"Jiki... jiki tu, Brigi. Chupa mbili. Zote... uzi mweupe."

Pale hotelini kwa Mama Aurelia, hapa Ifakara, dawa za usafi zinanunuliwa kwa madumu. Mtunza stoo anazigawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, na kwa kuwa karatasi zikilowa zinabanduka, kila chupa inafungwa uzi shingoni. Uzi mweupe ni jiki. Uzi mwekundu ni dawa ya choo, ile kali inayokula kutu na matope. Siku ya kwanza kazini unafundishwa kwamba hivi viwili havikutani, maana vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Asubuhi ile ya Ijumaa wanunuzi wa mpunga waliotoka Mngeta walikuwa wameliacha bafu limejaa matope, na Tekla akaona chupa moja haitatosha.

Mtunza stoo anaitwa Viktor. Mchumba wangu. Jumapili iliyokuwa inakuja, tangazo letu la ndoa lilikuwa linasomwa kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho.

Kaka yake Tekla, Polikarpo, alikuja na bajaji yake akamkimbiza hospitali. Mimi nikakimbilia stoo. Nikamkuta Viktor na mkasi mkononi, anakata uzi mweupe kwenye chupa.

"Unafanya nini?"

"Funga mlango."

"Hiyo si chupa aliyokuwa nayo Tekla? Umeifuata bafuni?"

"Funga mlango kwanza, Brigi!"

Nikafunga.

"Uzi mwekundu uliisha," akasema. "Nilikuwa nawahi kwa fundi, anipime suti. Nikasema nifunge huu kwa muda, nitabadilisha nikirudi."

"Ukafunga uzi wa jiki kwenye dawa ya choo?"

"Chupa moja tu!"

"Hiyo moja imemtosha Tekla."

Akapiga magoti. Viktor wangu, mwanaume anayetembea kifua mbele, akapiga magoti katikati ya ndoo na madekio.

"Sema wewe ndiye uliyejaza chupa. Sema ulisahau kuongeza maji kwenye jiki, basi. Mama Aurelia anakupenda, atakugombeza na yataisha. Mimi atanipeleka polisi. Nikifungwa, utaolewa na nani?"

"Na daktari akiuliza?"

"Jiki. Sema jiki tu. Ukitaja ile nyingine, wataniuliza mimi."

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama yangu alikuwa ameshawaambia ndugu wote, mpaka wale tusiosalimiana nao. Nikamtazama yule mwanaume pale chini, na moyo wangu mpumbavu ukasema ndiyo.

Mama Aurelia alituita wote ofisini.

"Brigitha! Miaka sita nimekuachia funguo za vyumba vyote, leo unataka kuniulia watu?"

"Nisamehe, mama. Nilisahau."

Viktor alikuwa amesimama kando yangu, mikono nyuma.

"Mama, huyu nimeshamwambia mara nyingi," akasema. "Hasikii."

Niligeuka nikamtazama. Hakunitazama. Nilipofika nje, simu ikalia. Ujumbe wake: *Ilibidi nionekane sikutetei. Nakupenda. Vumilia hadi Jumapili.*

Hospitalini daktari alinivuta pembeni.

"Mgonjwa anasema alikuwa anatumia jiki. Jiki peke yake kwa kawaida haimwangushi mtu namna hii. Kulikuwa na kitu kingine?"

"Hakuna, daktari."

"Una uhakika?"

"Ni mimi niliyejaza. Jiki kali tu, haikuwa na maji."

Akaandika kwenye faili la mgonjwa. Nilitamani kalamu ile iishe wino.

Tekla alikuwa amelala na mpira wa oksijeni puani. Tekla, ambaye angesimama nami altareni kama msimamizi wangu.

"Wanasema ni wewe uliyejaza," akanong'ona.

"Ni mimi, shoga yangu."

Akageuzia uso ukutani. Polikarpo akainuka kwenye benchi.

"Umeshamwona. Toka."

"Kaka Polikarpo..."

"Usiniite kaka. Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni mwanamke."

Jumamosi nzima nilikaa chumbani, gauni la harusi limening'inia ukutani mbele yangu. Viktor alipiga simu mara tisa, na kila mara alikuwa na swali moja.

"Hujasema kitu?"

Hakuuliza hata mara moja kama Tekla amekula.

Jumapili kanisani tulikaa na Viktor benchi moja, mama yake kutoka Katindiuka upande wa pili, amevaa kitenge kipya. Baada ya komunyo simu ikatetemeka mapajani. Polikarpo.

*Tekla amezidiwa tangu alfajiri. Daktari anasema kama alivuta dawa nyingine aambiwe sasa hivi. Brigitha, kama unajua kitu, nakuomba kwa jina la Mungu.*

Nikamwonyesha Viktor. Akasoma. Akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa koti.

"Baada ya misa."

"Amezidiwa, Viktor."

"Tangazo lisomwe kwanza. Ni dakika kumi. Hatakufa kwa dakika kumi."

Aliyasema hayo huku anamtabasamia mama yake. Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

Katekista alishasimama na karatasi yake.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Viktor Nazari wa Katindiuka anatarajia kufunga ndoa na Brigitha Remigius wa Mngeta. Mwenye kujua kizuizi chochote amjulishe paroko."

Nikasimama.

"Mimi nakijua."

Vichwa vyote vikageuka. Katekista akashusha miwani.

"Dada, vizuizi vinapelekwa ofisini, baada ya misa."

"Kuna mtu anakata roho, hawezi kusubiri ofisi."

"Kwani wewe ni nani?"

"Ndiye huyo uliyemtaja. Bibi harusi."

Mtu kwenye kwaya akasema "Mama yangu!" kwa sauti, na hakuna aliyemkanya. Viktor akanivuta mkono.

"Kaa chini! Jamani, mumsamehe, ni mawazo ya harusi haya."

Nikauchomoa mkono, nikageukia mbele. "Mama Aurelia, shikamoo."

"Marahaba," akajibu kutoka benchi la pili, kwa mazoea tu, mdomo wazi.

"Nilikudanganya. Sikujaza chupa mimi. Viktor alifunga uzi wa jiki kwenye dawa ya choo, Tekla akazichanganya bila kujua. Mimi nikamficha Viktor, nikamdanganya mpaka daktari, ili niolewe. Mwanaume wa hivi simtaki. Viktor, nipe simu yangu."

"Brigi, utanifunga!"

"Simu!"

Mama yake Viktor akamgeukia mwanawe. Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa koti.

"Mpe."

"Mama, hujui mambo haya..."

"Nimesema mpe mwenzio simu."

Nilimpigia Polikarpo nikiwa nakimbia kwenye ngazi za kanisa.

"Mwambie daktari ni dawa ya choo na jiki, vilichanganyika! Mwambie sasa hivi, usikate!"

Nilipofika wodini, daktari hakunigombeza. Aliuliza jina la ile dawa, kiasi, na Tekla alikaa mle bafuni muda gani. Nikajibu yote. Wakafunga mlango, mimi nikabaki koridoni. Nikakaa sakafuni, kwa saa nyingi, nguo ya misa imejaa vumbi.

Ujumbe ukaingia: *Umeniua. Mama Aurelia ameita polisi. Furahi sasa.*

Nikaizima simu. Sikufurahi.

Jioni jua likiwa bado halijazama, Polikarpo akafungua mlango.

"Anakuita," akasema, bila kunitazama.

Tekla alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu aliyeugua mwezi. Lakini macho yalikuwa yake.

"Kanisani?" akauliza. "Mbele ya kwaya nzima?"

"Mbele ya kwaya."

Alitaka kucheka, akakohoa. Nikamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia.

"Siku mbili, Brigi. Nimelala hapa siku mbili navuta hewa kwa mpira, na wewe unajua."

Nikautoa mkono mgongoni mwake.

"Niondoke?"

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Usidhani ukishamwacha mwanaume ndiyo tumemalizana."

"Sidhani, Tekla."

Akasogeza miguu yake taratibu, pakabaki nafasi pembeni ya kitanda.

"Kaa hapo. Mguu huu umekufa ganzi tangu asubuhi, na kaka yangu anakanda kama anatwanga mahindi."

Nikakaa. Nikauweka mguu wake mapajani, nikaanza kukanda.