Tunzo ya Bi Asya

Ujumbe uliingia saa moja na robo ya usiku, Idi pili.

"Karamu ni leo. Mgeni asiondoke na sahani."

Hamdan aliusoma mara moja, akaufuta, akaitia Samsung yake mfukoni.

Sahani ilikuwa memori kadi, ndogo kuliko ukucha. Ndani yake mlikuwa na majina kumi na moja. Watu wa Gando, Chokocho na Kengeja, waliokuwa wakiipigia ofisi yake ya usalama simu kwa siri kila boti ya silaha ilipotia nanga gizani. Leo kadi ingeuzwa. Kesho wenye silaha wangeyasoma majina yale, na mazishi yangeanza.

Jina la saba: Asya Haroub, Kengeja.

Dada wa mama yake. Aliyemlea mpaka akavuka maji kwenda Dar.

Hamdan aliichomeka Glock 19 kiunoni, akaifunika kwa shati la maua. Kifungo cha pili cha shati kilikuwa kamera. Kwenye kitambulisho aliitwa Heriel, mtu wa Moshi, amekuja kutembea.

Akatoka kutembea.

Chake Chake ilikuwa imevaa. Watoto walipuliza filimbi za plastiki. Wasichana walinukia udi kutoka ng'ambo ya barabara. Magari ya Kengeja yalikuwa yameshusha familia nzima nzima, na kila mtu alikuwa na mtu wa kumshika mkono.

Hamdan alisimama kwenye meza ya pweza, peke yake.

"Mgeni, karibu mjini!" alisema muuzaji, kisu kikicheza kwenye mnyiri wa pweza. "Mwaka mzima mji huu unalala saa nne. Leo taarabu, tutalala tukipenda. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Idi? Peke yako?" Muuzaji alimtazama kama anayetazama mgonjwa. Akamwongezea vipande viwili. "Hivyo vya bure, yakhe. Usilie."

Hamdan alicheka. Pweza alikuwa na ndimu na pilipili kama ile ya nyumbani. Alimeza haraka.

Sikioni, sauti ya Konsolata, mkuu wake, ikimwita kwa jina lake la kazini. "Kozi, hapa Kituo. Muuzaji hatumjui. Mnunuzi hatumjui. Kadi itapita ndani ya tunzo, noti anayotiliwa mwanamuziki."

"Kituo, kwenye taarabu watatunza watu mia."

"Basi tazama watu mia."

Ukumbi ulikuwa umefurika, wanawake kulia, wanaume kushoto. Hamdan alikuwa anaupita mlango alipohisi kiganja mkononi mwake.

"Hamdan?"

Alijua kabla ya kugeuka.

Bi Asya alikuwa amepungua. Buibui lilimpwaya. Macho yalikuwa yale yale.

"Samahani, mama," alisema Hamdan kwa lafudhi ya bara. "Naitwa Heriel. Natoka Moshi."

"Asya, weye!" Shoga yake, Bi Ummi, alimvuta. "Kila mwanamme mrefu mtoto wako! Juzi umemwita hivyo polisi mmoja."

"Huyu ana kovu kwenye nyusi. Kaangukia kinu changu mwenyewe."

"Wenye makovu wengi, mama," alisema Hamdan.

Kulikuwa na mtu ukumbini aliyeiba siri za ofisi; angetoweka na kadi akisikia jina lile likiitwa mara ya pili.

Bi Asya alimtazama. Kisha akauachia mkono.

"Haya, Heriel. Na huko Moshi hakuna shikamoo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Alhamdulillahi," alisema, akaenda kukaa.

Hamdan aliegemea ukuta. Risasi mbili alishawahi kupigwa. Hazikuuma hivi.

Fidla zikaanza. Bashraf, muziki mtupu wa kufungulia, hauna mwimbaji wala neno. Ukumbi ulitulia.

Mtu mmoja akasimama.

Kijana wa kanzu nyeupe. Alitembea mpaka jukwaani, akamtilia mpiga kodiani noti iliyokunjwa mfukoni, akarudi kwa haraka. Bi Ummi aliangua kicheko. "Huyo anatunza nini? Kodiani imemsema nani?"

Hamdan hakucheka.

Mpemba hutunza neno. Hungoja ubeti unaomchoma yeye au jirani yake, ndipo ainuke na noti juu, kila mtu aone ujumbe unakwenda kwa nani. Bashraf haijamsema mtu. Hakuna anayeitunza, ila asiyejua anatunza nini.

"Kituo. Kanzu nyeupe. Picha inakuja."

Sekunde nne.

"Mungu wangu. Suhaib. Karani wetu. Aliyachapa yale majina mwenyewe."

"Hajui taarabu."

"Anajisifia hapa kila siku kwamba hajapata kuikanyaga."

"Imeonekana. Mshikeni mlangoni. Wa kodiani niachieni mimi."

Bashraf ilikwisha. Mpiga kodiani, mgeni aliyekodiwa kwa usiku ule, aliweka chombo chini na kutokea nyuma.

Hamdan naye.

Jenereta ilikuwa inanguruma. Toyota Noah ilisubiri, taa zimezimwa. Mtu yule aligeuka na kisu tayari mkononi.

Kisu kilipasua shati la maua. Hamdan alikishika kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kikalia. Goti tumboni. Paji la uso kwenye bodi ya Noah.

Mara moja tu.

Dereva alifungua mlango, akakutana na mdomo wa Glock.

"Ufunguo," alisema Hamdan. "Taratibu. Leo sikukuu."

Noti ilikuwa bado mfukoni mwa mpiga kodiani. Ndani yake, kadi. Hamdan aliiweka juu ya jiwe, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa unga.

"Kituo. Sahani imevunjika."

"Karani tunaye. Vijana wanakuja kuwachukua hao wako. Boti yako saa tano, Kozi. Usiage mtu."

"Sina wa kumuaga."

Vijana walipofika, alipita ubavuni mwa ukumbi. Mlango ulikuwa wazi. Shamima, mwimbaji, alikuwa amesimama.

*Mgeni nakuangaza, waja wenda hushikiki,*
*Jina ukiligeuza, sura yako haitoki,*
*Mlango sijaukaza, komeo mie siweki,*
*Ukishachoka na kiza, rudi kwetu husutiki.*

Bi Asya aliinuka.

Aliinua noti juu, akatembea polepole kufuata ngoma. Ukumbi mzima uligeuka kutafuta anamtunzia nani. Watu walitazama safu za wanaume. Walimtazama Bi Ummi.

Bi Asya alitazama mlangoni.

Miaka mingi alikuwa akiripoti boti kwa siri. Alimjua mtu aliye kazini. Hakutabasamu, hakuita. Alimtilia Shamima noti kiganjani, macho hayakuondoka mlangoni.

Shamima akaurudia ubeti.

Hamdan alifunga kifungo cha kamera, shati lisipepee pale lilipochanika. Akageuka, akashika njia ya bandarini, hatua za mtu aliyetoka kutembea.

Meza ya pweza ilikuwa inafungwa.

"Mgeni! Vipi taarabu, imekufaa?"

"Imenisema," alijibu Hamdan, na hakusimama.